Glavu ya Rangi ya Chungwa

Lorna alikuwa analirudisha nyuma gari lao la safari, lenye jiko na kitanda ndani, karibu na ukingo wa korongo refu huko Utah, Marekani. Katika kioo cha pembeni, mumewe alimwelekeza kwa glavu ya rangi ya chungwa, kama kila jioni tangu wastaafu: rudi, rudi kidogo.

"We bibi! Mbona unarudi nyuma na mimi niko humu ndani?"

Akakanyaga breki. Mumewe alikuwa amesimama kando ya jiko, kahawa imemmwagikia shatini, glavu ingali mfukoni.

"Sasa... yule nani?"

"Yule yupi? Huko nyuma ni korongo tupu, hakuna hata pa kukanyaga."

Lorna akatazama tena kiooni. Glavu ilikuwa bado inamwita, na mguu wake, bila yeye kutaka, ukaanza kuinuka kwenye breki.