Mguu wa Sitti

Sheria ilisema mguu wa mgonjwa wa sukari ukipata kidonda hautibiwi. Unakatwa, na mwenyewe anapewa mguu wa chuma bure.

Daktari Nyamizi aliisoma sheria hiyo akatema mate. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha wauguzi wa Tabora kukagua nyayo, kuosha vidonda na kuokoa vidole. Basi mdogo wake Sitti, mwenye sukari, alipochomwa na msumari unyayoni, alimficha chumbani kwake na kumsafisha kila asubuhi.

Siku ya tisa kidonda kilikuwa kimebaki kama punje ya mtama.

"Tazama, kinafunga!" Nyamizi alisema.

Sitti hakutazama. "Dada, nimeshawapigia simu. Wanakuja leo."

"Umewaita waje kukata mguu mzima?"

"Majirani wote wana miguu mipya. Hawakagui nyayo, hawaogopi mwiba. Mimi nimechoka kuogopa."

"Sikuzeeka katika kazi hii ili ndugu yangu akatwe kama kuni!" Nyamizi alifoka, akalipiga teke beseni, maji yakamwagika sakafuni.

Wahudumu wawili waliingia, wakasalimu kwa adabu. Nyamizi alikishika kisigino cha mdogo wake kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto. Sitti alivibandua vidole vya dada yake kimoja kimoja, akatoka akitembea mwenyewe, bila kuchechemea.

Mhudumu mmoja alibaki mlangoni, akiitazama miguu ya daktari iliyolowa.

"Na wewe, mama," aliuliza kwa upole, "sukari umepima lini?"