Ngoma ya Pundamilia

Wanafunzi wa shule moja ya wanyama walitunga wimbo wa kusifu wema. Pundamilia, aliyependa kuchonga ngoma baada ya masomo, alileta ngoma mpya iliyobakiza kuwambwa ngozi tu.

"Ngozi ya mbuzi ndiyo inayolia vizuri," alisema, akimtazama Mbuzi, mwimbaji wa safu ya nyuma. "Dada, wimbo wetu ni wa wema, na wema ni kutoa."

Mbuzi alidhani ni utani. Nyani, kiongozi wa kwaya, hakucheka.

"Usituharibie shughuli, dada. Kila mmoja anachangia."

"Wewe umechangia nini?"

"Sauti."

"Hata mimi nina sauti!"

"Sauti tunazo nyingi," alisema Nyani, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Mbuzi alisogea mbele. "Basi sikilizeni. Ngozi yangu ina kovu la mwiba, itapasuka. Iliyo nzima hapa, tena yenye mistari, ni ya mwenye ngoma."

Kwaya nzima ikamgeukia Pundamilia.

"Kweli kabisa, kaka," alisema Nyani. "Itapendeza jukwaani. Na wema ni kutoa."

Pundamilia alirudi nyuma hadi ukutani. "Kwani lazima ngoma? Tupige makofi, yanatosha!"

Wakapiga makofi, na wimbo ukaenda vizuri. Mbuzi hakuimba. Alisimama mlangoni akauliza, "Mbona makofi hayakutosha ilipotakiwa ngozi yangu?"

Kwaya ilizidisha sauti. Walikuwa wamefika kwenye kiitikio.