Mtindi wa Marehemu

Bi Tunu alifunua chungu, akakuta maziwa yameoza tena badala ya kuganda. "Yananifanyia kusudi haya!" alifoka, akayamwaga uani kwa hasira hata kuku wakatimka.

Mkwewe Hidaya, mwalimu wa biolojia, alitoka jikoni. "Mama, si ulikichemsha chungu siku ya wageni?"

"Nilikisafisha. Usafi nao umekuwa kosa?"

"Mtindi una chembe hai, Mama. Zinakula, zinazaana. Maji ya moto yaliziua zote, na chembe hai haizuki hivi hivi. Kila moja hutokana na nyingine iliyoitangulia."

"Usinisomeshe, mwanangu. Niambie nifanyeje."

"Tununue wa dukani, tuanzie huo."

"Wa dukani!" Bi Tunu alijibwaga kibarazani. Ule ulikuwa mtindi wa marehemu mama yake, aliokabidhiwa siku ya harusi. Kila siku aliacha kidogo chunguni ili ugandishe maziwa ya kesho. Sasa ameukatiza kwa mkono wake mwenyewe.

"Hukuwahi kumgawia mtu?" Hidaya aliuliza.

Alimgawia Chausiku, jirani wa ng'ambo ya njia, kabla hawajagombania mpaka wa shamba, naye Bi Tunu akaapa kutokanyaga kwake tena.

"Yule hata chai humshinda," alinung'unika. "Atakuwa ameshauua."

Hata hivyo alijitanda khanga, akatwaa bakuli, akavuka njia. Mlangoni kwa Chausiku aliinua mkono, lakini hakubisha. Ndani, mtu alikuwa akikwangua chungu kwa upawa, polepole, kama anayeacha kidogo.