Fuko na Udongo wa Nyuma

Hakuna aliyemfikia Fuko kwa kuchimba, ndiyo maana wanyama walimfanya msimamizi wa uchimbaji wa ghala la chini ya ardhi, lililotakiwa kuwa tayari kabla ya masika. Siku ya kwanza tu akamsukuma Panya pembeni.

"Ondoka mbele, wewe unachimba kama mtu anayejikuna! Na wewe Kakakuona, kucha zako zinapindisha ukuta. Kaeni nje."

Wakakaa nje, wakaota jua. Fuko akaingia, akachimba kwa mikono na kutupa udongo nyuma kwa miguu. Alichimba vizuri kweli, hilo tusimnyime, mpaka akagonga mwamba. Kugeuka ili atoke, akakuta udongo wake mwenyewe umeziba njia.

"Panya! Kakakuona! Mko wapi?"

"Tupo nje, bosi," Panya akajibu, "kama ulivyoagiza."

"Nifukueni, nakosa pumzi!"

"Kwa kucha hizi zinazopindisha ukuta?" Kakakuona akauliza.

Fuko akasihi, "Hizo hizo, ndugu yangu."

Wakamfukua wakipokezana, mmoja akichimba, mwingine akizoa.

Kesho yake Fuko alikaa mlangoni, mikono ikimwasha kwa hamu ya kuchimba. Panya alikuwa mbele, akienda polepole, na ukuta ukapinda kidogo. Fuko akafungua mdomo, akaufunga, kisha akauliza, "Panya, unahitaji nini?"

"Mtu wa kuzoa udongo, bosi."

Msimamizi akainama, akaanza kuzoa.