Viti vya Mwenyekiti Nyati

Enzi zile wanyama walipokuwa wakipiga mpira kwa rungu na kukimbia, hakuna aliyeupenda mchezo huo kama Ngedere. Mwenyekiti wao, Nyati, alipenda watazamaji. Kila msimu aliongeza safu ya viti, na kila safu ilimega uwanja.

"Mzee, tutakimbilia wapi?" Ngedere aliuliza.

"Mwanangu, zamani nani alikuja kuwatazama? Leo mbuga nzima iko hapa!"

Ngedere akakubali, maana ilikuwa kweli.

Siku ya fainali viti vilijaa pomoni. Nyati akaketi kwenye kiti kipya kabisa, akangoja mpaka akachoka.

"Mbona mchezo hauanzi?" akafoka.

Ngedere akamsogelea, rungu mkononi.

"Samahani, mzee. Hapo ulipoketi ndipo nilipokuwa nikisimama kupiga."