Moto wa Ghala la Pombe

Chai ya kijani ilikuwa imepoa tena, na Shigeoka alikuwa bado hajaigusa.

Ng'ambo ya meza, mwendesha mashtaka mkuu, Bwana Kuramochi, alikuwa akifuta miwani yake taratibu. Hakuwa mtu wa kufoka. Afadhali angefoka.

"Shigeoka, mdogo wangu, shingo ngumu ya nini? Sema ulikosea, tumalize."

"Moto haukuwashwa na mtu, Mkuu. Nyaya za lile ghala zilikuwa kuukuu. Ziliungua zenyewe."

"Ndio wimbo wako tangu Jumatatu."

"Ndio ukweli."

"Ukweli!" Kuramochi akacheka kidogo. "Ghala zima la pombe limeteketea, mlinzi kafia ndani, na wewe unaniletea nyaya."

Kilichotakiwa kwa Shigeoka kilikuwa kidogo tu: akubali kwamba moto ule uliwashwa makusudi, apige muhuri, arudi nyumbani kwa mkewe na binti yake. Akikataa, basi tena. Atapelekwa mbali, na wa kujua atarudi lini hayupo.

"Binti yako anaanza shule Aprili, siyo?"

"Ndiyo."

"Mkoba umeshanunuliwa?"

"Mwekundu. Analala nao."

"Maskini wa Mungu. Wenzake wote wako na baba zao getini, wa kwake yuko huko kwenye theluji." Kuramochi akavaa miwani. "Sikio halipiti kichwa, Shigeoka. Ofisi hii haijashindwa mahakamani tangu nikiwa na nywele. Haitaanzia kwako."

Shigeoka akatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha na watu walipita na miavuli yao. Alingoja hasira ije, au hata aibu, lakini hakikuja kitu. Ndani alikuwa ganzi tupu, kama ufizi uliodungwa sindano.

"Nilikosea, Mkuu," akasema.

Akatoa muhuri wake mfukoni, akaugandamiza kwenye karatasi. Jina lake likabaki pale, jekundu.

"Umeona? Hata haikuuma." Kuramochi akampiga begani. "Haya, nenda."

Akainama kwa heshima, akatoka, akafuata ujia hadi mlango wa mwisho. Chumba kilikuwa na baridi. Akazunguka meza na kuketi kwenye kiti chake, mgongo dirishani, kisha akamwashiria askari.

Askari akamwingiza Mzee Tokujiro, mtengeneza mapipa wa lile ghala, pingu mikononi na kamba kiunoni.

"Mwanangu," mzee akasema hata kabla hajaketi, "wewe si ulisema unaniamini?"

Shigeoka akavua miwani yake, akaanza kuifuta taratibu.

"Mzee wangu, shingo ngumu ya nini? Sema ulikosea, tumalize."