Mara Kumi na Nne

Fundi Saa hakuwa na mke, maana alikwishamzika. Hakuwa na mtoto wa karibu, hakuwa na meno ya nyuma, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza ameamkaje. Na siku alipojiandikisha kwenye majaribio ya dawa, hakuwa hata na kibofu cha kumtii. Alikwenda haja ndogo mara kumi na nne kwa siku, na siku nyingine haja ilimtangulia kufika.

Kliniki ilikuwa ikitafuta wanaume wenye taabu hiyo. Nusu yao wangepewa dawa, nusu vidonge vya unga mtupu vilivyofanana nayo. Hata muuguzi hakujua nani anameza nini. Kila mmoja alipewa daftari la kuandika saa za kwenda chooni, akawa analileta kila Jumanne.

Jumanne ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho, Fundi Saa alifika mlangoni kabla ya mfagizi.

"Umeamkaje, baba?" muuguzi alimuuliza, akamsogezea kiti.

"Vilevile, mwanangu. Maji yamenifika shingoni."

Dereva mmoja mstaafu, aliyeanza naye siku moja, alicheka kutoka kwenye benchi. "Mimi jana nimesafiri saa tatu sijasimamisha gari. Leo naagwa. Wewe, ndugu yangu, walikulisha unga."

"Cheka tu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa."

Dereva alipokwisha kuagwa, muuguzi na Fundi Saa walizungumza mambo mengi: mguu wa mama yake muuguzi, bei ya betri, mvua. Kisha muuguzi akafungua daftari. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne.

"Wiki zote hizi haijapungua hata mara moja? Tena kila baada ya saa moja na dakika tano. Kibofu chako kina mishale, baba?"

"Nimetengeneza saa miaka arobaini. Hata shida zangu zinafuata majira."

"Basi leo zimechelewa. Tumekaa hapa saa nzima na nusu."

Fundi Saa akainuka hapo hapo, karibu akimbie. Bomba la chooni lilisikika likimwaga maji kwa muda mrefu. Aliporudi, muuguzi alikuwa ameweka fomu mezani.

"Hii ni ya siku saba za mwisho. Ijaze, uitume kwa posta kwa wakubwa wa utafiti. Aliyepata nafuu, tunaagana naye. Asiyepata, ataendelea kuja kwangu kila Jumanne, mwaka mzima."

"Na wakinikataa? Usinifiche, mwanangu. Mimi sina pengine pa kwenda."

"Mgonjwa hakataliwi, baba." Akamshika bega. "Kunywa maji kama kawaida. Usijinyime."

Siku saba Fundi Saa alikaa chumbani mwake na saa zake za ukutani. Ziligonga zote kwa pamoja, na zilipomaliza hapakuwa na sauti nyingine. Siku mbili mfululizo hakufungua kinywa ila kwa kula. Kila jioni alichonga penseli, akajaza mstari mmoja.

Siku ya nane alikwenda posta. Karani alikuwa mmoja, na foleni ilitoka nje hadi barabarani. Jua likawaka. Fundi Saa alikuwa na chupa ya maji ya lita moja. Akainywa yote mpaka tone la mwisho, hatua kwa hatua hadi dirishani.

"Pole, mzee," karani alisema. "Nimekuona tangu saa mbili, na sasa inakwenda saa sita. Choo kiko hapo nyuma, nitakushikia nafasi."

"Asante, sihitaji," alisema Fundi Saa. Akaipitia fomu mara ya mwisho, kumi na nne kila mstari, akalamba bahasha, akaibandika, akaitumbukiza sandukuni.